Nahesabu mara nne na bado siiamini mikono yangu

Shikamoo Mama,

Nina miaka 31, mume na mtoto mmoja. Ni keshia wa benki hapa Mwanza, mwaka wa sita huu nipo dirishani. Nakuandikia saa nane usiku nikiwa jikoni, taa sijawasha, maana nikiwasha baba Neema ataamka na kuuliza, "Umeanza tena?"

Mwezi wa tisa mwaka jana nilipata shoti ya shilingi 480,000, ya kwanza kubwa tangu nianze kazi. Kwa asiyejua kazi yetu: jioni unafunga hesabu, fedha iliyo kwenye droo lazima ilingane na ile iliyo kwenye mfumo. Ikizidi ni ova, ikipungua ni shoti, na shoti ni ya keshia. Siku ile tulihesabu mpaka saa mbili usiku, mimi, supavaiza na dada wa dirisha la pili. Kesho yake kamera zikaangaliwa, hakuna kilichoonekana. Noti 48 za elfu kumi ziliondoka mbele ya macho yangu na mpaka leo sijui amezichukua nani. Nilikatwa 240,000 mara mbili kwenye mshahara wangu wa 800,000. Barua hakuna, meneja aliniambia kwa mdomo, nami nikashukuru kwamba sikufukuzwa.

Tangu hapo sijapata shoti hata ya shilingi mia. Lakini nimekuwa mtu mwingine. Bunda likitoka kwenye mashine nalihesabu kwa mkono. Kisha narudia. Nafunga raba bendi, nafungua, nahesabu tena. Foleni inafika mlangoni. Kuna mzee aliniambia, "Binti, hizo noti zitachakaa." Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye mara ya nne, nikapotea katikati, nikaamini mteja ameleta pungufu. Nikamwita arudi toka mlangoni, watu wote wakageuka. Kumbe zilikuwa sawasawa. Nililia chooni.

Jioni ndiyo mbaya zaidi. Naishi Buhongwa, na si mara moja nimeshuka kwenye daladala Mkuyuni nikapanda jingine kurudi mjini kumuuliza mlinzi kama niliifunga droo yangu. Mlinzi wa zamu siku hizi akiniona tu kwa mbali anasema, "Imefungwa, dada."

Mwezi uliopita meneja alinitumia ujumbe saa nne usiku: "Kesho ukifika pitia ofisini kwangu." Sikulala. Nilishapanga maneno ya kumwambia mume wangu kwamba nimefukuzwa, nikahesabu ada ya mtoto itatoka wapi, nikafika mpaka kwenye kurudi kijijini Sengerema. Asubuhi naingia huku miguu inatetemeka, kumbe anataka kujua kwa nini sijachukua likizo. Sijaichukua kwa sababu naogopa atakayekaa kwenye kiti changu atagundua kosa nisilolijua.

Moyo unanidunda, viganja vinatoka jasho, shingo imekaza, tumbo linasokota kila Jumatatu. Zahanati nimepimwa malaria, taifodi na UTI, nikaambiwa ni vidonda vya tumbo, nikapewa dawa, sijaona tofauti. Mchungaji ameniombea roho ya hofu. Mwenzangu kazini anasema nisijali, wasiwasi ndiyo akili. Asubuhi nakunywa kahawa na jioni kinywaji cha kuongeza nguvu ili niweze kufunga hesabu. Kuna siku nilisimama kando ya barabara nikatamani gari linigonge kidogo tu, nivunjike mguu, nilazwe nipumzike.

Mama, huu ni ugonjwa au ni uoga wangu? Nimwambie meneja? Au niache kazi?

Keshia, Mwanza


Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma na chai asubuhi. Kwa mlinzi nilicheka, usinikasirikie. Kwenye lile gari nikaweka kikombe chini, kwa hiyo naanzia hapo.

Kutamani ugongwe kidogo ili ulazwe upumzike ni wazo la mtu aliyechoka kupita kiasi, na hauko peke yako. Lakini wazo hilo lina jirani yake, naye ni kutamani kufa. Siku ukiona umehamia kwa huyo jirani, usisubiri zamu iishe wala barua yangu. Mwamshe mume wako, mwende kitengo cha dharura usiku huohuo. Na usingoje kufika huko ndipo umwambie. Mwambie wiki hii, mkiwa mmekaa, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Huyo anayeuliza "umeanza tena?" huenda anaogopa kama wewe, ila hajui anaogopa nini.

Sasa tuje kwenye noti.

Unaniambia tangu siku ile hujapata shoti, na ndani yake nasikia unaamini ni kuhesabu mara nne ndiko kumekukinga. Nikuulize: ile miaka yote kabla ya hapo, ulipokuwa unahesabu kama wenzako, ulipata shoti kubwa ngapi? Umesema mwenyewe, hiyo ndiyo ya kwanza. Na kosa la juzi, la kumwita mteja arudi mbele za watu, limetokea wapi? Kwenye mara ya nne. Hesabu ya mashine na hesabu ya kwanza ya mkono ni za benki. Zinazofuata ni za wasiwasi, na ndizo zinazokukosesha.

Huyo mwenzako ana nia njema. Wasiwasi ndiyo akili kwa mtu anayevuka barabara. Lakini neno lenyewe limetokea kwenye Kiarabu, waswasi, yaani mnong'ono. Majirani zako Waislamu wanalisoma kwenye sura ya mwisho ya Kurani, pale mtu anapoomba kukingwa na shari ya mnong'onaji anayejificha: ananong'ona, anarudi nyuma, kisha anarejea. Angalia kama si huyo aliyepanda nawe daladala la Buhongwa. Ananong'ona, "Droo." Unashuka Mkuyuni, unarudi, mlinzi anakuambia imefungwa, naye anatoweka. Unapata raha ya dakika tano. Kesho yake yuko palepale kwenye kiti cha dirishani, na sauti imeongezeka.

Raha ile ya dakika tano ndiyo inayokumaliza. Wewe ni mtu wa benki, utanielewa nikisema ni mkopo wa kausha damu. Unachukua kidogo leo ili upumue, kesho riba inapanda. Ulianza kwa kurudia mara moja, ikawa mbili, sasa nne. Kila unaporudia, akili yako inajifunza kwamba usingerudia ungeangamia, kwa sababu haijawahi kupewa nafasi ya kuona kinachotokea usiporudia.

Basi tuipe nafasi hiyo, ila si kwa pupa. Wiki ya kwanza kila bunda lihesabiwe mara tatu badala ya nne. Wiki ya pili mara mbili. Wiki ya tatu ufuate utaratibu wa tawi lenu, usiongeze kitu. Hesabu mbele ya mteja kabla hajaondoka dirishani, usiongee na mtu, usiangalie foleni. Ukimaliza, funga raba bendi na ujiambie kwa sauti ndogo, "Nimefunga." Bunda lililofungwa halifunguliwi. Na droo vilevile: funga, vuta mara moja kuhakikisha, sema "nimefunga", ondoka. Mlinzi mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba ukirudi kuuliza asikujibu. Atafurahi, nakuhakikishia.

Siku za mwanzo zitakuwa mbaya, sikufichi. Utakaa kwenye daladala viganja vimelowa. Usishuke. Ile hofu inapanda, inafika juu, halafu inaanza kushuka yenyewe bila wewe kufanya lolote, na kuiona ikishuka yenyewe ndiyo dawa. Pumua taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia: hesabu nne ukivuta, sita ukitoa. Si uganga, ni namna ya kuuambia moyo upunguze mwendo. Unaweza kuifanya hata dirishani mteja mmoja anapoondoka na mwingine anasogea.

Lakini chini ya hayo yote kuna zile noti 48. Nimekaa nazo sana. Nadhani kila unapofungua bunda unalolijua ni kamili, huhesabu la leo. Unahesabu la mwezi wa tisa. Unatafuta jibu la siku ile kwenye fedha ya siku nyingine. Na mwanangu, ukweli ni kwamba hutajua. Huenda ulimpa mteja zaidi naye akanyamaza. Huenda kitu kingine. Kamera haikuona, watu watatu hamkuona. Umeshalilipa deni hilo kwa mshahara, bado unalilipa kwa usingizi, na wasiwasi anakuahidi kwamba ukihesabu mara moja zaidi utapata uhakika wa asilimia mia. Hakuna keshia aliye nao, hata huyo wa dirisha la pili anayekwenda nyumbani akipiga soga. Tofauti yenu ni kwamba yeye anaweza kulala bila huo uhakika.

Najua ninachosema. Nilikuwa mweka sanduku wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kwa miaka mitatu. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, kusudi mmoja asiweze kulifungua peke yake. Mimi nilikuwa nawapigia simu wote watatu usiku kuwauliza kama funguo wanazo. Mmoja aliniuliza, "Sasa nikikwambia nimeupoteza, utafanya nini saa hizi?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nikaanza kupiga simu mbili.

Kuhusu mawazo ya usiku. Tafuta daftari la kawaida la mtoto wa shule. Kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla ya chakula, kaa nusu saa uandike kila kinachokutisha. Kikija muda mwingine, kiambie kisubiri zamu yake. Unaona kama mchezo, lakini mbinu hii wanasaikolojia wa Marekani waliichapisha tangu 1983, na inafanya kazi kwa sababu huifukuzi hofu, unaipangia muda. Gawa ukurasa mara mbili: kushoto andika wasiwasi amesema nini, kulia uache wazi, ujaze baadaye kilichotokea. Mstari wa kwanza nakusaidia. Kushoto: "Nimefukuzwa, tunarudi Sengerema." Kulia: "Ameniuliza habari za likizo."

Ukishaandika, pitia kila kimoja ujiulize kama kina mpini. Ada ya mtoto ina mpini, unaweza kuishika na kufanya kitu, hata kama ni kuweka elfu kumi kila mwezi. "Itakuwaje meneja akinichukia?" haina mpini, iache hapohapo kwenye daftari. Kule Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, kama sisi tunavyosema "ana mawazo". Daktari mmoja wa huko, Dixon Chibanda, alifundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye kufungisisa. Kubwa wanalofanya bibi hao ni kumsaidia mtu achague tatizo moja tu kati ya yote na kulitafutia hatua ya kwanza. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha watu wanapata nafuu kweli. Mabenchi hayo yalifika mpaka Zanzibar.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Mimi si daktari, ila nakuambia wanavyopima ugonjwa wa wasiwasi. Hofu ya mambo mengi, siku zilizo nayo zikiwa nyingi kuliko zisizo nayo, kwa miezi 6 au zaidi, huwezi kuizuia, na pamoja nayo misuli kukaza, usingizi kuharibika, uchovu, hasira za haraka. Kutoka mwezi wa tisa mpaka sasa, hesabu mwenyewe (hii nakuruhusu). Wana dodoso la maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3. Ukifika 10 kwenda juu wanakuchunguza zaidi. Kule kurudiarudia kukagua nako kuna jina lake, kwa hiyo umwambie daktari wazi, usimpe habari ya tumbo peke yake. Nenda hospitali ya Bugando, ulizia kliniki ya afya ya akili. Usiogope bango la mlangoni, wanaokaa kwenye foleni ile ni walimu, askari, wafanyabiashara. Waombe pia wakuangalie wingi wa damu na tezi ya shingoni, maana tezi ikifanya kazi kupita kiasi nayo hudundisha moyo na kutetemesha mikono.

Tiba iko ya mazungumzo, na iko ya vidonge. Vidonge vya kutibu hali hii huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, usivitupe siku ya nne. Usikubali mtu wa duka la dawa akuuzie diazepam ya kulalia kwa siri, hiyo huzoeleka mwilini na kuiacha ni shida nyingine. Maombi endelea nayo. Mchungaji hakukosea kukuombea. Angekosea tu kama angekuambia usiende hospitali.

Hicho kinywaji cha jioni, acha. Kafeini uliyokunywa saa kumi, karibu nusu yake bado iko kwenye damu saa tatu usiku. Unajidundisha moyo kwa fedha yako halafu unashangaa unadunda.

Meneja. Mwambie, lakini si yote. Usimpelekee ugonjwa kabla hujaonana na daktari. Mpelekee kazi: "Bosi, tangu ile shoti nimekuwa nikirudia hesabu na foleni inaumia, naomba supavaiza anikague kwa mwezi mmoja ili nirudi kwenye utaratibu." Hilo meneja yeyote analielewa. Na uchukue likizo, ni haki yako, siku 28 kwa mwaka kwa sheria. Atakayekaa kwenye kiti chako hatagundua kitu. Akigundua, benki zinawatoa watu likizo kwa sababu hiyohiyo pia, na kosa lililogunduliwa halinong'oni tena.

Halafu lile la kukatwa mshahara, ambalo umelipita kwa sentensi moja kana kwamba ni hisani uliyofanyiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri akikukata kwa ajili ya hasara lazima iwe imetokana na kosa lako, akuandikie sababu, kiasi na alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 800,000 ni 200,000. Wewe umekatwa 240,000, kwa mdomo, mara mbili. Sikuambii ukashtaki. Malalamiko ya aina hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60, na wewe umeshapitiliza, ingawa mtu anaweza kuomba kuongezewa muda akiwa na sababu. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, muulize mwakilishi wenu tawini. Nakuambia hili kwa sababu miezi yote hii umeibeba shoti ile kama hukumu, na hakuna aliyewahi kukuandikia hata mstari mmoja kwamba ulikosea.

Kuacha kazi nalijibu kwa ufupi: si sasa, na si saa nane usiku. Ukiacha leo, mnong'onaji atahamia kwenye duka utakalofungua, ataanza kuhesabu soda. Tibiwa kwanza, chukua likizo, kisha baada ya miezi mitatu au minne mkae na mumeo muone kama dirisha bado hulitaki. Kuna watu wazima wengi hawalipendi dirisha, nao hawaumwi kitu.

La mwisho ni simu. Ujumbe wa saa nne usiku umekukuta kwa sababu simu ilikuwa kitandani. Kuanzia leo ilale sebuleni, na kundi la tawi lizimwe sauti ikifika saa mbili. Najua utaniambia unaitumia kuamkia. Pitia Makoroboi ukitoka kazini, ununue saa ya mezani yenye kengele. Itegeshe mara moja, kisha igeuzie ukutani ulale.